Kujiua, kuua na kuuana: namna ya kuweka "ji-" na "-ana" kwenye lugha yako ya kubuni

Lugha yangu ilipotimiza mwaka nilijiona fundi. Ina sauti zake, ina namna yake ya kuhesabu, ina majina ya samaki karibu wote wanaoshushwa pale diko la Wete, na nikaandika nayo kihadithi cha wafalme wawili ndugu. Nikampa mtoto wa kaka yangu, yuko fomu tuu skuli na ndo msomaji wangu pekee duniani, akasoma na daftari la msamiati pembeni, akanyamaza kidogo halafu akaniuliza, "Ami, sasa huyu mfalme kajiua au kamuua mdogo wake?"

Nikaitizama sentensi. Zif lo lo. Zif ni kuua, lo ni yeye (wakiwa wengi ni lon), na kwenye lugha hiyo kitenzi kinatangulia, anafuata anaetenda, halafu anaetendwa. Kaua yeye yeye. Hadithi nzima imekaa juu ya jambo hilo na lugha haina uwezo wa kulisema.

Basi hapa naweka njia niliyopita kuirekebisha, kwa yeyote anaebuni lugha, iwe ya hadithi, ya gemu, au ya kupitishia muda umeme ukikatika. Lugha yangu inaitwa Sanoro, nitaitumia kama mfano, usiichukue kama sheria, na makosa yangu nimeyaacha humu humu uyaone.

1. Anza na mdomo wako mwenyewe

Usianze na sarufi ya Kiingereza. Najua kwa nini watu wanaanzia huko, video na vitabu vingi vya kubuni lugha viko kwa Kiingereza, matokeo yake mtu anabuni neno moja la "mwenyewe" na jengine la "kila mmoja mwenziwe", anayabandika mwisho wa sentensi, kamaliza. Inafanya kazi lakini hapo umebadilisha maneno tu, sarufi ni ile ile ya watu.

Wewe unaesoma hapa una mtambo mzuri zaidi mdomoni na unautumia toka mtoto. Tuna ji-, inakaa ndani ya kitenzi pale pale panapokaa mtendwa: ni-li-m-kata, ni-li-ji-kata. Ndo mana "nilimjikata" haisemeki, kiti kimoja hakikaliwi na watu wawili. Na haijali nani anasema, nimejikata, umejikata, wamejikata, ji- ni ile ile. Halafu kuna -ana ya kutendana, hiyo iko upande wa pili kabisa, nyuma ya mzizi: pend-an-a. Maana mbili, kila moja na mlango wake.

Fanya hivi. Chukua daftari, andika vitenzi ishirini unavyovitumia kila siku, kila kimoja kitie ji- halafu kitie -ana, vile vinavyokataa vizungushie duara. Vinavyokataa ndo vinavyofundisha. Pika: "wanapikana" utaisikia kwenye hadithi za mazimwi tu, lakini "wanapikiana" kila nyumba ya mabachela ipo. Andika hivyo hivyo, hawaandikani, wanaandikiana. Kwa nini? Mana anaepikwa ni wali na anaeandikwa ni barua, mtu haingii pale mpaka kitenzi kifunguliwe na ile -ia ndo apate pa kukaa. Na kufa je? Hakina mtendwa kabisa, ukikitia -ana unapata kufana, na harusi ikifana hakuna aliekufa.

Kwahiyo kabla ya kubuni chochote jua hili: kujitenda na kutendana vinataka kitenzi chenye nafasi ya mtendwa. Kama lugha yako bado hujaamua vitenzi gani vina nafasi hiyo, rudi ukaamue, hatua nyengine zitakusubiri.

2. Tafuta penye utata, usitibu pasipouma

Mimi na wewe hatuna shida. Lugha ingesema "nimenikata" kila mtu angeelewa, mimi ni mmoja tu. Shida iko kwa yeye, mana yeye wako wengi.

Esperanto imelitatua hapo hapo na wala haikupoteza nguvu kwengine. Ile lugha aliitoa Zamenhof mwaka 1887 kule Warsaw, na ukiitizama, mimi najiosha ni mi lavas min, yaani mimi naosha mimi, basi. Lakini ikifika nafsi ya tatu zinakuwa mbili: li lavas sin, anajiosha, na li lavas lin, anamuosha mwengine. Neno "si" (ndo lile sin likivuliwa n ya mtendwa) lipo kwa ajili ya nafsi ya tatu tu. Na wakaenda mbele zaidi, wakaliingiza kwenye umiliki: li amas sian edzinon anampenda mkewe, li amas lian edzinon anampenda mke wa mtu. Hebu jaribu kusema hiyo kwa Kiswahili kwa neno moja. "Ali anampenda mkewe", wa nani? Sisi tunategemea heshima ya msikilizaji.

Ila kuna mtego humo ambao wanafunzi wa Esperanto wanaanguka kila siku, na wewe lazima uuamue mapema: hicho kirejeshi kinaruhusiwa kukaa wapi? Kwao sia haikai kwenye mtenda. "Yeye na mkewe walikuja" ni li kaj lia edzino venis, haiwi sia, ijapokuwa mke ni wake. Sababu yake ni kwamba hiyo "si" inatizama nyuma kumtafuta mtenda, na yeye mwenyewe akiwa ndani ya mtenda atamtizama nani?

Upande wa pili wa dunia kuna Toki Pona ya Sonja Lang, ilianza 2001 na maneno kama 120 hivi, mimi najitizama ni mi lukin e mi, na ona li lukin e ona inaweza kuwa anajitizama au anamtizama mwengine. Ile lugha imekusudia iwe ndogo, utata ni sehemu ya mpango. Zif lo lo yangu haikuwa mpango, ilikuwa uzembe. Ukiamua kuacha utata uache kwa kujua.

3. Amua alama itakaa wapi

Hapa pana njia nne kubwa: neno linalojitegemea, kiambishi mbele, kiambishi nyuma, au kupasua mzizi ukakitia katikati.

Kiklingoni, alichokitunga Marc Okrand kwa ajili ya Star Trek na kamusi yake ikatoka 1985, kinaweka viambishi viwili nyuma ya kitenzi: -'egh ya kujitenda na -chuq ya kutendana. qIp ni piga. vIqIp nampiga, jIqIp'egh najipiga, maqIpchuq tunapigana. Tizama mwanzo wa neno, vI- imegeuka jI-. Ile vI- inasema "mimi kwa yeye", jI- inasema "mimi, bila mtendwa". Ni ule ule mtindo wetu wa kiti kimoja, ukishamtia -'egh mtendwa anaondoka mbele. Lugha ya watu wa angani wenye vipaji vya uso vya mabonde, na ndani yake pana hesabu ambayo bibi yako anaijua.

Kinavi, alichokibuni Paul Frommer kwa filamu ya Avatar ya 2009, kinapasua: yur ni osha, yäpur ni jiosha, ile äp imeingia katikati kama kisu kwenye boflo. Lakini kutendana hakikukifanyia hivyo, kina neno lake mbali, fìtsap. Kwahiyo si lazima hizi mbili zifanane umbo, mdomo mmoja unaweza kuwa na mitindo miwili.

Na unaweza kuzichanganya ukazifanya moja. Kifaransa ukisema ils se regardent inaweza kuwa wanajitizama au wanatizamana, utajua kwa mazingira, kama kuna kioo au hakuna. Kituruki hakichanganyi: yıkamak kuosha, yıkanmak kujiosha, öpmek kubusu, öpüşmek kubusiana.

Mie nilichagua nyuma ya mzizi kwa zote mbili, sababu moja tu, nilitaka zigombanie nafasi. Utaona mbele huko.

4. Usiokote silabi hewani, tafuta chimbuko

Hii ndo inayotofautisha lugha yenye mwili na lugha ya karatasi. Viambishi aghlabu huwa ni maneno yaliyochakaa. Kihausa kinasema kaina, kichwa changu, kwa maana ya mimi mwenyewe. Kibaski nacho ni kichwa, buru. Kiebrania kimechukua mfupa. Kiarabu kimechukua nafs, roho, na sisi tumeiazima tukaifanya nafsi. Karibu kote mtu anatafuta kitu chake ambacho hakiwezi kumuacha.

Nikakaa nikafikiri, watu wa Sanoro kwenye hadithi yangu wanaishi juani siku zote, kitu gani hakiwaachi? Kivuli. Uru ni kivuli. Basi nak (piga) na uru, "kupiga kivuli", ndo kujipiga. Nikaandika kwa furaha nakuru, nikaitizama, nikacheka peke yangu, nimeipeleka lugha nzima Kenya. Nikaikata mkia ikabaki -ur: nakur, kujipiga. Velur kujiona, kutoka vel. Zifur, kujiua. Mfalme wangu kapata haki yake.

Halafu nikafika kwenye dur, kuosha. Durur. Iseme mara tatu haraka haraka. Ulimi unagonga. Lugha za watu zikikutana na r mbili namna ile mara nyingi huigeuza moja, basi nikaweka kanuni: mzizi ukiwa na r, -ur inakuwa -ul. Durul, kujiosha. Vikasoro kama hivi vitafute kwa makusudi, viseme kwa sauti si kwa macho, mana wewe unaandika lakini watu wako wanasema.

Na swali utakaloulizwa: mtu akitaka kweli kupiga kivuli? Anasema nak lo uru, neno zima, limesimama peke yake. Kiambishi kimekatika, neno liko vile vile. Zote zinaishi pamoja bila ugomvi.

5. Baada ya hapo sentensi imebaki na nini?

Fupi hii. Ukishasema kujipiga, bado unaweza kutaja kitu kingine? Kwa vitenzi vya kupa lazima uamue, mana vina watendwa wawili. Kwetu aliejipa likizo kajipa, likizo bado ipo inatajwa. Waliopeana zawadi wamepeana, zawadi bado ipo. Ila anaepokea ndo anaeingia kwenye ji- na -ana, kile kinachotolewa kinabaki nje. Sanoro nimefuata hivyo hivyo, som ni pa, somur lo gim, kajipa mkate. Kiungo cha mwili nacho kiamue: sisi tunasema nimejikata kidole, hatusemi nimekata kidole changu ila kama daktari kaagiza.

6. Kutendana: hesabu watu, halafu tizama mishale inaenda wapi

Hapa nilikaa mwezi mzima na sijuti.

Kiambishi changu nilikitoa kwenye ben, pamoja, kikachakaa kikawa -en. Naken, kupigana. Velen, kuonana. Kabla yake nilijaribu kurudia mzizi, naknak, nikaona inagongana na kitu ninachokijua vizuri, mana Mswahili akirudia kitenzi, pigapiga, anasema kitendo kimekuwa cha mara nyingi au cha ovyo ovyo. Kuna lugha zinatumia kurudia kwa kutendana na zinaendelea vizuri tu, mie masikio yangu yalikataa.

Nikadhani nimemaliza. Alasiri moja niko barazani nje ya nyumba ya shangazi, wasichana watatu wamekaa kwenye ngazi, mmoja ngazi ya juu, wa pili chini yake katikati ya magoti ya wa kwanza, wa tatu chini ya wa pili. Kikopo cha mafuta ya nazi kinapanda na kushuka. Wa juu anachora njia kwa mkia wa kitana kwenye kichwa cha wa kati, wa kati anamalizia mistari ya wa chini, wa chini anakula ubuyu. Akapita jirani akauliza wako wapi watoto, shangazi akajibu kutoka ndani: wako nje wanasukana.

Wanasukana! Wa juu hakuna anaemsuka. Wa chini hamsuki mtu. Hakuna hata wawili pale wanaorudishiana. Kama kutendana maana yake ni kila mmoja kwa kila mwenziwe, watatu wangetakiwa wafanye misuko sita, pale ipo miwili. Na bado shangazi kasema sawa na hakuna Mswahili atakaemsahihisha.

Tizama na kufuatana. A anamfuata B, B anamfuata C, C hamfuati mtu, angekuwa anamfuata A wangekuwa wanazunguka mnazi. Kupokezana, kurithiana, kupandana kama matofali, yote ni mstari, si kuelekeana. Halafu nenda Makunduchi kwenye Mwaka Kogwa, watu wa pande mbili wanachapana kwa migomba, hakuna alieandika orodha kuhakikisha kila mtu kamchapa kila mtu, kuna mwengine kaja kapigwa moja kakimbia, lakini wamepigana.

Kwahiyo chora. Watu ni nukta, kitendo ni mshale. Utapata angalau picha tatu:

Wawili wanaelekeana, mshale unaenda na kurudi. Kubusiana.
Kundi na kundi, mishale inaenda ovyo lakini pande zote zimeguswa. Kupigana kwa vita.
Mnyororo, kila mshale unaenda upande mmoja. Kufuatana, na ule ususi wa barazani.

Sasa lugha yako inazitia zote kapu moja kama sisi, au inazigawa? Nikamuuliza mtoto wa kaka yangu, akasema mnyororo uwe na kiambishi chake, mana kwenye hadithi wafalme wanarithiana ufalme na pia wanagombana, na yeye anataka ajue bila kuuliza. Hoja nzito. Sil kwa Sanoro ni uzi. Nikaweka -sil: velsil, mmoja anamuona mwengine ambae anamuona mwengine tena, neno la walinzi juu ya minara. Ni neno nililolipata bure, nisingelibuni kama nisingeona zile ngazi.

Waliosoma chuo watakuwa wameshafika mbele yangu: Kiarabu kinafanya kutendana kwa kubadilisha mwili wa kitenzi, kinatia ta- mbele na kuvuta sauti katikati, ʿarafa kujua, taʿārafa kujuana. Ile aya ya 13 ya Suratul Hujurat, litaʿārafū, kwa Kiswahili tunasema ili mjuane. Umbo moja zima limewekwa kwa kazi hiyo. Kama lugha yako inacheza na irabu za ndani, njia hiyo ipo.

Jambo la pili kwenye kutendana ni idadi ya mtenda. Kiklingoni -chuq inataka mtenda wa wingi, na ukifikiri haraka unaona ni lazima, mtu mmoja atapigana vipi? Lakini sisi tunasema "Juma anapigana na Ali", kitenzi ni cha mtu mmoja, mwenziwe kafungwa na "na" huko nyuma. Na maana inahama kidogo: Juma na Ali wanapigana, wote sawa. Juma anapigana na Ali, hapo Juma ndo habari, Ali kaja kama sehemu ya tukio. Ukiwa mwandishi wa hadithi hii ni dhahabu, unaweza kumtupia mtu lawama kwa sarufi tu bila kumtukana. Sanoro inaruhusu: naken lo ben Tir, anapigana na Tir, ile ben mzee mwenyewe karudi kufanya kazi aliyoiacha kwa mwanawe.

7. Panga foleni ya viambishi

Ndo ile sababu yangu ya kuziweka zote nyuma.

Tizama kulishana na kupatanisha. Kulishana: la, lisha, halafu -ana, yaani kumlisha mwenzio na yeye akakulisha, bwana harusi na bibi harusi na keki yao. Kupatanisha: pata, patana, halafu -isha, mtu wa nje anawafanya wawili wapatane. Vifaa ni vile vile viwili, -ish- na -an-, kilichobadilika ni nani kaingia mwanzo. Kiambishi cha mwisho kinakula vyote vilivyomtangulia. Kuchekeshana na kugombanisha, pima mwenyewe.

Kwenye lugha yako chukua kiambishi cha kufanyiza (kwangu ni -as) na cha kutendana, viweke kwa mpangilio wote miwili:

velasen: vel-as-en, kuonyeshana.
velenas: vel-en-as, kuwafanya waonane, kuwakutanisha.

Kama zinatoka maana mbili safi, foleni yako iko hai. Kama unaona moja haina maana, chagua mpangilio mmoja uwe sheria na ukubali kupoteza kitu.

Na hapa ji- yetu inaonyesha udhaifu wake. Kwa kuwa iko mbele, kwenye kiti cha mtendwa, haiwezi kupanga foleni na -isha. Kujilisha siku zote ni mimi kwa mimi. Ukitaka kusema mama kamfanya mtoto ajioshe unavunja vitenzi viwili, kamfanya, ajioshe. Sanoro kwa sababu -ur iko kwenye foleni inasema kwa kimoja: durulas, kumfanya mtu ajioshe, na durasur, kujiosha kwa mkono wa mwengine, yaani umejipeleka uoshwe. (Ile r ya dur iko mbali na ur pale, kwahiyo sikuibadilisha. Mtoto wa kaka yangu anasema nadanganya kanuni yangu. Labda.)

8. Vitenzi ambavyo tayari vimejifunga

Kuoga hakihitaji ji-. Anaeoga anajiosha yeye, ukitaka kumuosha mtoto unasema kuogesha. Kuvaa nako, nguo inaenda kwa mvaaji, mwengine anavishwa. Kufanana nacho kina -ana mwilini, ukiing'oa inabaki fana, ile ya harusi, maana nyengine kabisa. Usiutie kila mzizi wako mkia wa -ur kwa ajili ya kuogopa. Chagua vitenzi kumi vya mwili, kuoga, kuvaa, kukaa, kuinama, kunyoa, amua kimoja kimoja kipi kinaelekea ndani chenyewe na kipi kinaelekea nje. Kadri unavyovigawa bila usawa ndo inavyofanana na lugha ya watu.

9. Viache vipotee njia

Mjamzito akijifungua hakuna kamba. Aliekwenda kujisaidia hakusaidiwa na mtu. Anaejiona hatizami kioo. Walioachana hawakuachana njia panda. Maneno haya yameanza kwa hesabu safi halafu maisha yakayachukua. Na kuna ambayo hayakuwa humo kabisa, kujibu imetoka Kiarabu jawabu, kujitahidi imetoka ijtahada, ile ji si ya kwetu ila imekaa barazani na wenziwe na hakuna anaeiuliza kitambulisho. Onekana na patikana nazo zina an ndani, hakuna anaetendana.

Kwahiyo mwisho chukua maneno matano au sita uyapotoshe. Sheria yangu moja tu, usinakili upotofu wa Kiswahili. Velur, kujiona, ningeweza kuifanya kuringa kama kwetu. Nikaifanya kutahayari, mana watu wa Sanoro mtu akikiona kivuli chake vizuri ndo anainamisha kichwa. Na somen, kupeana, imekuwa neno la kuoana, na aliebaki bila mke wanamwambia hajapewa wala hajapa.

10. Jaribu

Tafsiri hizi kwa lugha yako bila kuongeza maelezo. Ukikwama kwenye moja, rudi kwenye hatua yake.

Amejikata kidole.
Ali kamwambia Juma ajifunike. (Nani kafunikwa? Kwa Esperanto na kwetu ni Juma, mana yeye ndo mwenye kitenzi cha kufunika.)
Asha na Mwana wamesukana. Asha, Mwana na Zuhura wamesukana.
Juma amegombana na mkewe, wa kwake.
Wazee wamewapatanisha.
Wanaandikiana barua kila wiki lakini hawajawahi kuonana.
Mfalme kajiua. Mfalme kamuua mdogo wake.

Zangu zote zilipita, ile ya Juma na mkewe ilinigharimu usiku mzima. Nikamrudishia msomaji wangu hadithi, zif lo lo imefutwa, imeandikwa zifur lo, kajiua, habari imekwisha. Akasoma. Akauliza kwani mdogo wake kabaki na nani sasa, nikamwambia kabaki peke yake na ufalme. Akachukua kalamu yangu mkononi bila kuomba, akakata zifur lo, juu yake akaandika zifen lon.

"Ami, hivi inakuwa sawa?"

Kisarufi, ilikuwa sawa.